ASILIMIA 10 HAIULIZI KADI YA CHAMA

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE – KASHOZI*

Waitu, taarifa ya leo ni ndefu kuliko zile za kuitana kikao. Tunaomba isomwe hadi mwisho, na asiye na simu janja asomewe na jirani yake.

Tunaandika sasa kwa sababu huu ndio msimu wa butura. Kahawa kwenye vibanja vyetu bado ni maua na punje changa, lakini tayari kuna watu wanapita jioni wakiuliza nani ana shida. Januari iko mlangoni. Ada imefutwa katika shule za serikali, lakini sare, madaftari, godoro la bweni na nauli havijafutwa. Mzazi aliyebanwa anauza kahawa ingali juu ya mti, kwa bei ya mwenye pesa. Mavuno yakifika, anachuma kahawa ambayo si yake tena.

Kwa upande wa mama zetu kuna ile mikopo ambayo wenyewe wameipa jina: kausha damu. Unachukua leo, unaanza kurejesha wiki hii hii, na ukichelewa wanakuja kubeba sufuria, godoro au kuku. Wapo akina mama wanaouza ndizi na senene ambao faida yote ya wiki inaishia kwenye marejesho.

Na wakati huo huo, kwa mujibu wa sheria ya nchi, kuna fedha za umma zisizo na riba zinazopaswa kutengwa na halmashauri kwa ajili ya watu hawa hawa. Wengi wetu tumezisikia kwenye redio na kwenye hotuba. Wachache wanajua zinatoka wapi, zinaombwaje, na nani ana haki nazo. Pengo hilo ndilo linalomlisha mnunuzi wa butura na mwenye kausha damu.

Msimamo wa tawi letu ni huu: kazi ya tawi la chama ni kumwonyesha mwananchi njia ya kuzifikia fedha za umma na namna ya kuzisimamia. Si kazi yetu kuzigawa, wala si kazi yetu kuamua nani anastahili kwa kuangalia rangi ya kadi yake.

*1. FEDHA HIZI NI ZIPI?*

Mwaka 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, likaongeza kifungu cha 37A. Kifungu hicho kinailazimisha kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Mgawanyo wake ni 4, 4 na 2: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana, asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kabla ya hapo kutenga fedha hizo kulitegemea maelekezo na utashi. Tangu 2018 ni sheria.

Mapato ya ndani maana yake ni yale ambayo halmashauri inakusanya yenyewe: ushuru wa mazao, ushuru wa masoko na minada, leseni za biashara, ushuru wa samaki, vibali na kadhalika. Hayahusishi ruzuku kutoka Hazina. Pia kuna mapato yaliyolindwa, kama fedha ambazo zahanati na vituo vya afya vinakusanya kwa ajili ya huduma zao. Hayo hayaingii kwenye hesabu ya asilimia 10.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme halmashauri imekusanya shilingi bilioni 2 za mapato yasiyolindwa kwa mwaka. Asilimia 10 ni shilingi milioni 200. Wanawake milioni 80, vijana milioni 80, watu wenye ulemavu milioni 40. Mwaka unaofuata zinatengwa nyingine, na zile za kwanza zinarudi kupitia marejesho, zinakopeshwa tena. Ndiyo maana unaitwa mfuko unaozunguka. Ukizunguka vizuri kwa miaka mitano, unakuwa mkubwa kuliko ulivyoanza. Usipozunguka, kila mwaka unaanza upya.

Sasa tazama fedha hizo zinatoka wapi. Mnunuzi anaponunua kahawa hulipa ushuru wa mazao kwa halmashauri, ambao kwa mazao ya biashara ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3. Mama anayepanga ndizi gulioni analipa ushuru wa soko. Kijana mwenye duka analipa leseni. Kwa hiyo mtu wa Kashozi anapokwenda kuomba mkopo wa asilimia 10, haendi kuomba msaada wa mtu. Anakwenda kukopa kutoka kwenye chungu ambacho yeye mwenyewe ametia maji.

*2. KWA NINI ZILISIMAMA, NA KWA NINI HILO LINATUHUSU*

Tusisahau kilichotokea. Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kuwa mikopo hii inasitishwa ili serikali itafute utaratibu mzuri zaidi. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilikuwa zimeonyesha kwa miaka kadhaa marejesho hafifu na vikundi hewa, yaani vikundi vilivyopewa fedha lakini ukienda kuvitafuta huvioni. Mikopo ilirejea katika mwaka wa fedha 2024/25 ikiwa na kanuni mpya, uhakiki zaidi na usajili kwa mfumo wa kielektroniki. Halmashauri 10 nchini zilichaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki. Ya kwetu haimo kati ya hizo, kwa hiyo mlango wetu umebaki ni halmashauri yenyewe.

Fikiria nani aliumia katika kipindi kile cha kusimama. Aliyechukua fedha kwa kikundi hewa hakuumia, kwa sababu alishakula. Aliyeumia ni mama wa kikundi halisi aliyekuwa amerejesha hadi senti ya mwisho akisubiri awamu ya pili. Yeye ndiye aliyerudi kwenye kausha damu.

Ndiyo maana tunasema kikundi hewa kimoja si ujanja wa mtu mmoja. Ni wizi kutoka kwa jirani. Na ule usemi kwamba fedha ya serikali haina mwenyewe, tuuache. Ina mwenyewe. Mwenyewe ni aliyelipa ushuru wa soko asubuhi.

*3. KWA NINI TUNASEMA KADI ISIULIZWE*

Tunajua baadhi ya wanachama watatuuliza: tukimsaidia mtu wa chama kingine kupata mkopo, sisi tumepata nini? Ni swali la haki na tunalijibu.

Kwanza, sheria inataja wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Haitaji chama. Kiongozi wa tawi anayemwambia mama "lete kadi kwanza nikupitishie jina" anamdanganya mara mbili. Hana mamlaka ya kupitisha jina, na kadi si sharti. Huo ni mwanzo wa rushwa, hata kama hakuna shilingi iliyopita mkononi.

Pili, fedha zikianza kugawiwa kwa kadi, zinakufa. Mtu aliyepewa mkopo kama zawadi ya kisiasa hujiona ameshalipwa kwa kazi ya kampeni, hivyo harejeshi. Afisa naye anaogopa kumfuatilia kwa sababu ana watu. Mfuko unakauka, na mwaka unaofuata hata mwanachama mwadilifu anaambiwa fedha zimeisha. Chama kinachogawa fedha za umma kwa watu wake kinawanyang'anya watu wake wenyewe wa kesho.

Tatu, tuseme ukweli wa siasa. Watu hawakumbuki bendera iliyopeperushwa siku ya mkutano. Wanamkumbuka aliyekaa nao alasiri nzima akiwasaidia kuandika katiba ya kikundi bila kudai soda. Tunataka watu wa Kashozi waseme: hawa wa tawi lile, ukienda kwao wanakuelekeza. Hiyo inatutosha.

Wapo pia wanaosema: "Mnajisumbua, mikopo hiyo inakwenda kwa wenye watu wao." Hatutabishana nao kwa maneno. Upendeleo hustawi pale ambapo waombaji ni wachache na hakuna anayejua orodha. Wakiomba vikundi viwili, ni rahisi kupendelea. Wakiomba vikundi 20 vyenye karatasi kamili, na kila kimoja kinajua siku kilipowasilisha maombi, kupendelea kunakuwa kugumu na kunaonekana. Dawa ya upendeleo ni wananchi wengi wenye nakala mkononi.

*4. NJIA YA KUOMBA, HATUA KWA HATUA*

*Hatua ya kwanza: kikundi halisi.* Wanawake au vijana wasiopungua 5 wanaofahamiana. Kwa watu wenye ulemavu kanuni zimelegezwa: hata mmoja anaweza kuomba peke yake. Kijana kwa mikopo hii ni wa kuanzia miaka 18, na ukomo umesogezwa hadi miaka 45. Usimwingize mtu kwenye kikundi kwa sababu tu ana kitambulisho. Mwingize kwa sababu unajua atarejesha. Hapa kwetu tuna mazoea ya vikundi vya kufa na kuzikana. Tunajua nani huleta mchango wake kwa wakati na nani hujificha siku ya msiba. Tumia ujuzi huo huo.

*Hatua ya pili: vitambulisho.* Kila mwanakikundi awe na kitambulisho cha Taifa au namba yake. Tunajua mkoa wetu wa mpakani watu wengine huhojiwa sana kabla ya kupata. Anza mapema, usisubiri wiki ya maombi.

*Hatua ya tatu: katiba, viongozi na usajili.* Kikundi kiwe na katiba yake, mwenyekiti, katibu na mhazini, kisha kisajiliwe kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii. Katiba si lazima iwe ndefu. Iseme lengo, mchango, nani anatia saini benki, na mtu asiporejesha atafanywa nini.

*Hatua ya nne: akaunti ya benki kwa jina la kikundi.* Si jina la mwenyekiti. Si simu ya katibu. Akaunti ya kikundi, yenye watia saini zaidi ya mmoja.

*Hatua ya tano: andiko la mradi.* Hapa ndipo watu wanapotishwa na kutozwa pesa. Andiko ni majibu ya maswali matano tu: mnafanya nini, mnahitaji nini na bei gani, mtauza wapi, faida kwa mwezi ni kiasi gani, na mtarejesha vipi. Kama mnataka kusaga unga wa muhogo, andikeni bei ya mashine, umeme au dizeli, debe mnalonunua shilingi ngapi, na kilo mtakayouza shilingi ngapi. Kama mnataka kuku, wekeni chakula, chanjo na vifo. Mkulima wa Kashozi anaijua hesabu hii kichwani. Kinachotakiwa ni kuihamishia kwenye karatasi.

*Hatua ya sita: kupitia kijiji na kata.* Maombi hupita kwa wataalamu wa kata na kuhakikiwa. Mtatembelewa. Kama banda la kuku halipo na mlisema lipo, mmejifunga wenyewe.

*Hatua ya saba: marejesho.* Lipeni kwa namba ya malipo ya serikali na mtunze risiti. Mtu yeyote akisema "nipe mkononi nitakulipia", mkatalieni, awe kiongozi wa serikali, wa kikundi au wa tawi hili. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuongeze onyo moja. Mkopo huu ni wa kuzalisha. Si wa ada wala wa harusi. Anayeuchukua ili alipe deni la kausha damu atakuwa amehamisha shimo tu. Lakini mama ambaye kikundi chake kina mradi unaoingiza kitu kila wiki hatakuwa na sababu ya kuuza kahawa ikiwa maua. Hapo ndipo mkopo unapopambana na butura.

*5. FEDHA KUBWA ZAIDI ZINAAMULIWA KWENYE MKUTANO TUSIOUHUDHURIA*

Asilimia 10 ni sehemu tu. Barabara ya ndani, zahanati, darasa, choo cha shule na maji ni fedha nyingine, na nyingi huanzia mahali ambapo wengi wetu hatufiki: mkutano mkuu wa kijiji.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inautaka ukae angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi inaposomwa, na hapo ndipo vipaumbele vinapotajwa. Vikitoka hapo vinakwenda halmashauri ya kijiji, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani, kisha baraza la madiwani, mkoa, na hatimaye Bunge ambalo hujadili bajeti kati ya Aprili na Juni. Mwaka mpya wa fedha unaanza tarehe 1 Julai.

Fuata kalenda hiyo kwa kurudi nyuma. Ukitaka daraja la mto wenu liwe kwenye bajeti ya Julai, huwezi kulisema Juni. Juni imeshachelewa. Linasemwa sasa, miezi hii ya mwisho wa mwaka, vipaumbele vikiwa bado kijijini. Wengi tunalalamika Agosti juu ya jambo lililoamuliwa Novemba tukiwa tumeketi nyumbani. Watu 40 wakihudhuria, vipaumbele vya kijiji ni vya watu 40.

Kuna pia Mfuko wa Jimbo, uliowekwa na sheria ya mwaka 2009. Kamati yake inaongozwa na mbunge, nayo hupokea miradi iliyoibuliwa na wananchi. Mara nyingi fedha hizo humalizia kile ambacho watu wameanza: saruji, bati, nondo. Kijiji kilicho na boma lililofika kwenye renta na muhtasari wa mkutano wenye saini kina hoja nzito kuliko kijiji chenye malalamiko matupu.

*6. KUJUA KIASI NI NUSU YA ULINZI*

Oktoba 2021 serikali ilitangaza matumizi ya shilingi trilioni 1.3 zilizotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wakati wa UVIKO-19. Kati ya hizo yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima. Kitu kimoja kilifanyika vizuri: kiasi kilitangazwa wazi. Darasa moja, shilingi milioni 20. Kila mtu alijua, kuanzia mwalimu hadi fundi hadi bibi anayeuza maandazi karibu na geti la shule. Kwa hiyo mtu wa kawaida aliweza kusimama mbele ya darasa na kuuliza: hii ni kazi ya milioni 20?

Hiyo ndiyo nguvu ya namba. Mwananchi asiyejua kiasi kilichokuja hana cha kuuliza. Anaweza tu kunung'unika. Anayejua kiasi anauliza swali moja, na swali hilo linafanya kazi kuliko manung'uniko ya mwaka mzima.

Ujenzi mwingi wa vijijini sasa unafanywa kwa mafundi wa hapa hapa chini ya kamati za wananchi: kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi. Tunawasihi wanachama wetu wasizikimbie kamati hizi kwa kusema hazina posho. Kamati ya mapokezi ndiyo inayohesabu mifuko ya saruji ikishushwa kwenye gari. Karatasi ikisema mifuko 100 na macho yakaona 92, mwenye kalamu ya kukataa kutia saini ni mwanakijiji. Hakuna mkaguzi kutoka Dodoma atakayekuwepo saa hiyo.

*7. HAKI YA KUULIZA*

Kuuliza si uchochezi. Katiba ya nchi, ibara ya 146, inasema wazi kuwa serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Mapato na matumizi ya kijiji yanapaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Ulizeni kwa adabu, kwa maandishi, na mtunze nakala. Mtendaji wa kijiji si adui. Mara nyingi ni mtu mmoja mwenye kazi za watu wanne. Ukimwendea na swali lililo wazi ("Robo hii kijiji kimepokea kiasi gani, na kimetumika wapi?") unamrahisishia kazi. Ukimwendea na matusi unampa sababu ya kukufungia mlango. Na pale mtu anapoomba chochote ili akupitishie maombi, piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wasomi. Sisi hatukubali. Misheni ya Kashozi ilianzishwa mwaka 1892. Watu wa hapa wameshika kitabu na kalamu kabla ya maeneo mengi ya nchi hii. Wazee wetu wa Bukoba waliunda chama kikuu cha ushirika wa kahawa mwaka 1950, chini ya mkoloni, wakapima kilo na kudai stakabadhi kwa kila gunia. Wajukuu wao hawawezi kushindwa kusoma ubao wa kijiji.

*8. TAWI LIMEAMUA NINI*

a) Kila Jumamosi kuanzia saa 9 alasiri, ofisi ya tawi itakuwa wazi kwa yeyote anayetaka kusaidiwa kuandika katiba ya kikundi au andiko la mradi. Ni bure. Kadi haiulizwi, na hakuna jina litakaloandikwa kwa ajili ya kampeni.

b) Kiongozi yeyote wa tawi atakayepokea fedha, kuku, mkungu wa ndizi au ahadi ya kura ili kumsaidia mtu kuomba mkopo atafikishwa kwenye kikao cha nidhamu. Hata iwe soda.

c) Kiongozi wa tawi anayeingia kwenye kikundi kinachoomba mkopo atalitaja jambo hilo wazi kwenye kikao cha tawi, na hatakuwa sehemu ya wanaowasaidia waombaji wengine katika awamu hiyo.

d) Kila balozi na mjumbe atapita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha watu tarehe ya mkutano mkuu wa kijiji unaofuata, bila kubagua nyumba. Miezi mitatu ikipita bila mkutano kuitishwa, tutamwandikia mwenyekiti wa kijiji barua ya heshima kuuomba.

e) Tutatafuta kwa kila mwanakijiji mwenye ulemavu njia ya kufika au kufikiwa. Ile asilimia 2 hubaki bila kuombwa si kwa sababu hawaihitaji, bali kwa sababu ofisi iko mbali na tangazo limebandikwa mahali ambapo asiyeona hawezi kulisoma na mwenye baiskeli ya magurudumu matatu hawezi kupanda.

f) Vikundi vitakavyopata mkopo vikitaka, mwanachama mmoja mwenye ujuzi wa hesabu atawapitia kila mwezi kuangalia daftari lao. Hatagusa fedha. Ataangalia daftari tu.

*MWISHO*

Ndugu wanachama, tunajua chama hupimwa kwa kura. Lakini kati ya uchaguzi mmoja na mwingine kuna miaka mitano ambayo watu wanaishi, wanaugua, wanasomesha na kuuza kahawa. Katika miaka hiyo fedha za umma zinapita juu ya vichwa vyao kama mawingu yanayotoka ziwani. Mengine yananyesha Kashozi, mengine yanapita. Mvua hatuiamrishi, lakini fedha hizi zina njia, zina tarehe na zina fomu.

Mwaka huu tungependa kuona jambo moja dogo linaloweza kuhesabika: mnunuzi wa butura apite Kashozi akute milango michache kuliko mwaka jana. Tukifika huko, hatutajali sana nani alisaidiwa na alikuwa na kadi gani.

Isambaze taarifa hii kwa jirani yako, hata yule mnayebishana naye kila siku juu ya siasa. Hasa yule.



*Imetolewa na Kamati ya Utekelezaji ya Tawi, Kashozi, Bukoba Vijijini*